Barua ya wazi kwa vinara wa vyama: kura zetu hazijumlishiki

Waheshimiwa vinara wa vyama, makatibu wakuu, na nyinyi wapanga mikakati ambao majina yenu hatuyajui lakini kazi yenu tunaiona,

Salamu nyingi. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na vikao vyenu vya hesabu vimeshaanza. Kila nikifungua redio asubuhi nasikia Mlima Kenya una kura kadhaa, Magharibi ina kadhaa, Ukambani wataletwa na fulani, Pwani wanangojewa mezani. Tangu Raila Odinga alipotutoka Oktoba 2025, hesabu hizo zimechacha. Kura zake milioni 6.9 za mwaka wa 2022 zinagawanywa kama mirathi: huyu anadai fungu la Nyanza, yule la Pwani, mwingine anasema yeye ndiye aliyeachiwa wosia. Wenye kura hizo wako hai, wana vitambulisho vyao mfukoni, na hakuna aliyewauliza.

Nawaandikia kama mpiga kura asiye na mrengo. Nimewahi kuchagua upande huu, nikachagua ule, na mwaka wa 2022 nilizichagua pande zote mbili siku moja, katika darasa moja la shule ya msingi, bila kuvunja sheria yoyote. Wapambe wenu huwaita watu kama mimi vigeugeu. Nyinyi wenyewe mkikaa na wataalamu wa kura za maoni mnatuita "wasioamua", kisha mnaruka safu yetu kwenye jedwali mkimbilie kuona nani anaongoza. Kumbukeni kwamba wiki za mwisho kabla ya Agosti 2022, kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo mnayoiamini. Agosti 2017 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kwamba Uhuru Kenyatta alipata asilimia 54.27 na Raila 44.74. Mahakama ya Juu iliyafuta matokeo hayo Septemba 1, lakini hakuna mwanasiasa aliyeacha kuyatumia katika mipango yake. Machi 9, 2018 wawili hao wakasalimiana hadharani kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais. Kwa hesabu ya kapu la kura, siku hiyo asilimia 99 ya Wakenya waliopiga kura waliingia kapu moja. Uchaguzi wa 2022 ungekuwa wa kutimiza tu desturi. Uhuru alikuwa Ikulu, Raila alikuwa na jina ambalo hakuna Mkenya asiyelijua, na vyama zaidi ya ishirini vilijiunga na Azimio, muungano uliomsimamisha Raila. Kapu likamwagwa mezani Bomas, kura zilikojumlishiwa, likatoka na asilimia 48.85.

Mngetarajia fundisho hilo litoshe. Lakini Machi 7, 2025, UDA ya Rais William Ruto na ODM ya Raila walipotia sahihi mkataba wao wa kushirikiana pale KICC, Nairobi, haikupita wiki nikasikia wapambe wakijumlisha tena: asilimia 50.49 za Ruto mwaka wa 2022, ongeza 48.85 za Raila. Jumla ni 99.34. Upinzani nao haujapona ugonjwa huo. Wao huketi hotelini, kila mmoja akija na eneo lake kama mtu aliyekuja na hatimiliki, na yule anayedai eneo kubwa zaidi ndiye anayedai tikiti ya urais. Mlima wenyewe uliwaonyesha mwaka wa 2022 kwamba hauna mwenyewe. Rais aliyetoka huko, Uhuru, aliwaambia wampigie kura Raila, akawapa Martha Karua awe mgombea mwenza, nao wakampa Ruto kura zao kwa wingi.

Naelewa kwa nini mnapenda ngome. Ngome haiulizi maswali. Ukishuka kwenye helikopta unashangiliwa kabla hujafungua mdomo. Tatizo ni kwamba ngome zinakufikisha mahali fulani, kisha zinakuacha hapo. Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211. Gawanyeni idadi hiyo kwa vituo 46,229 vya kupigia kura mwaka huo, mtapata kura tano kwa kila kituo. Kura tano ni nyumba moja: baba, mama, na vijana watatu waliomaliza Kidato cha Nne.

Na kuna hesabu nyembamba kuliko hiyo. Kifungu cha 138 cha Katiba kinataka mshindi awe na zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ukijumlisha kura halali za wagombea wote wanne wa 2022, nusu yake ni milioni 7.1 na ushei. Ruto aliivuka nusu hiyo kwa kura zisizofika 70,000. Kama watu hao, mmoja na nusu kwa kila kituo, wangempa mgombea mwingine yeyote, tungerudi debeni. Mwaka wa 2013 Uhuru alitangazwa na asilimia 50.07, alipita nusu kwa kura 8,000 na kidogo. Uwanja wa Nyayo mnaujaza mara mbili au tatu ya watu hao kwa mkutano mmoja, na mkitoka pale mnaona mmemaliza kazi.

Sasa nije kwenye usiku wa Agosti 9, 2022. Nilikuwa wakala wa mgombea huru wa uwakilishi wadi, jirani yangu, katika kituo kimoja cha Eastlands, Nairobi. (Alishindwa vibaya, lakini si habari ya leo.) Mawakala wenzangu wa vyama vikubwa walikuja na thamosi za chai na chaja za simu. Sanduku la rais ndilo lililofunguliwa kwanza. Msimamizi wa kituo aliinua karatasi nyeupe moja baada ya nyingine, akasoma jina kwa sauti, akatuonyesha kila mmoja wetu alama ilipo, akaiweka kwenye rundo lake. Rundo la Raila likapanda haraka. Wakala wa Azimio alitoka nje kupiga simu, akarudi akitabasamu, akatugawia karanga.

Masanduku mengine yakafuata. Ilipofika zamu ya gavana, kulikuwa kunakaribia kupambazuka na nusu yetu tulikuwa tunasinzia. Karatasi za buluu zikaanza kusomwa: Sakaja, Sakaja, Igathe, Sakaja. Yule bwana wa karanga alisogeza kiti karibu na meza. Baada ya dakika kadhaa akamwomba msimamizi amwonyeshe tena karatasi aliyoisoma, akaonyeshwa, akanyamaza. Mama aliyekuwa wakala wa UDA, ambaye usiku kucha alikuwa hasemi, akamwambia kwa upole, "Baba, ni watu wale wale." Naam, ni watu wale wale waliopanga foleni kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Waliingia na karatasi sita wakazipeleka kila moja walikotaka.

Kaunti nzima ya Nairobi ilifanya hivyo. Raila alipata kura zaidi ya 760,000 za urais, Ruto 560,000 na ushei. Siku hiyo hiyo Johnson Sakaja wa UDA akachaguliwa gavana kwa kura 699,392, dhidi ya 573,516 za Polycarp Igathe aliyesimama kwa tikiti ya Jubilee ndani ya Azimio. Useneta ukaenda kwa Edwin Sifuna wa ODM. Maana yake ni kwamba zaidi ya kura 130,000 zilizomfikia Sakaja hazikumfikia rais wa chama chake, na Igathe alipungukiwa na zaidi ya kura 190,000 ambazo mgombea wake wa urais alizipata katika vituo vile vile. Linganisheni na ile tofauti ya taifa zima ya 233,211. Hao watu wa Nairobi peke yao, wanaochagua mtu huku wakiacha mrengo, wangetosha kuwatia jasho mgombea yeyote wa urais.

Ninyi mlikuwa mmetuomba tuvae suti nzima, kura zote sita kwa mrengo mmoja. Katika foleni nilichokisikia mara nyingi kuhusu Igathe ni kwamba aliwahi kuwa naibu gavana akajiuzulu Januari 2018, kabla ya nusu mwaka kuisha. Hakuna aliyetaja kabila lake wala la Sakaja. Watu walikuwa wanazungumza juu ya mtu aliyewahi kupewa kazi akaiacha. Hukumu hiyo inaweza kuwa kali, hata ya kumwonea, lakini ni hukumu ya rekodi, na mabango yote ya Azimio hayakuwa na jibu lake.

Na msifikiri ni mambo ya Nairobi tu, mji wa watu waliochanganyika. Kwale walimpa Raila kura za urais, wakampa Fatuma Achani wa UDA ugavana. Meru walimfuata Ruto kwa wingi, halafu wakawapita mgombea wa UDA na gavana aliyekuwa ofisini, wakamchagua Kawira Mwangaza aliyesimama bila chama. Trans Nzoia wakamchagua George Natembeya wa DAP-K, chama kilichokuwa upande wa Azimio, ilhali Ruto ndiye aliyeongoza huko. Mnaziita ngome, na ndani yake mna watu wanaopima.

Naomba hapa msinielewe vibaya, kwa sababu kuna mtu atasoma barua hii na kesho asubuhi atasajili chama cha watu wa katikati. Asijisumbue. Mwaka wa 2013 Peter Kenneth aligombea urais akiwa na sera zilizopangika na lugha isiyotukana mtu, na watu wengi wa aina yangu walimsifu. Alipata chini ya asilimia moja. Karua alipata chini ya hapo. Musalia Mudavadi hakufika asilimia nne. Mtu wa katikati si mjinga; anajua kura yake ina nguvu pale inapoamua kati ya wawili wanaoweza kushinda, na hapendi kuitupa. Kwa hiyo anangoja. Anawasikiliza wawili hao hadi wiki ya mwisho, na akiona wote wawili wanaongea na ngome zao tu, anafanya jambo ambalo nyinyi hamlihesabu kabisa: anabaki nyumbani.

Hilo la kubaki nyumbani ndilo lingepaswa kuwanyima usingizi. Mwaka wa 2013 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 86 ya waliojiandikisha. Agosti 2017 wakawa karibu 79. Mwaka wa 2022 wakashuka hadi 65 hivi. Kati ya watu milioni 22.1 waliokuwa kwenye sajili, karibu milioni 7.8 hawakwenda kupiga kura. Ruto alishinda kwa kura milioni 7.18. Yaani kundi kubwa kuliko yote nchini, kubwa kuliko Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na kubwa kuliko Azimio, lilikuwa la waliokataa kutoka. Mombasa zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuonekana vituoni. Na hapo sijataja vijana ambao hawakujiandikisha kabisa, hadi sehemu yao katika sajili ikashuka chini ya asilimia 40. Mtaniambia ni uvivu. Watu hao hao hudamka saa tisa usiku kuwahi soko la Marikiti au Kongowea.

Kuna wakati tuliwahi kutoka. Desemba 2002 Mwai Kibaki, aliyekuwa amevunjika katika ajali wiki chache tu kabla ya uchaguzi na kufanya sehemu ya mwisho ya kampeni akiuguza majeraha, alipata asilimia 62. Muungano wa NARC ulikuwa na mibabe wengi, sikatai, na "Kibaki tosha" ya Raila ilisaidia sana. Lakini ahadi iliyopenya hadi kwa watu wasio na mbabe ilikuwa moja na ya wazi: elimu ya msingi bila malipo. Januari 2003 watoto wakamiminika shuleni. Miaka mitatu haijaisha, Novemba 2005, Kibaki huyo huyo akaileta rasimu ya katiba kwenye kura ya maamuzi, Ndizi ya Ndiyo dhidi ya Chungwa la Hapana, na asilimia kama 58 wakamkatalia. Ipo sehemu ya wapiga kura iliyompa 2002 na ikamnyima 2005, bila kumchukia na bila kujiunga na chama chochote katikati ya hapo. Hao ndio ninaowazungumzia.

Sasa tazameni jinsi mnavyoongea nasi. Mkifika nyumbani kwenu mnabadilisha lugha na kusema mambo ambayo hamwezi kuyasema kwa Kiswahili kwenye mkutano wa Kamukunji, Nairobi. Zamani hilo lilipita. Siku hizi kabla hamjapanda gari kurudi, video iko kwenye WhatsApp ya kondakta wa matatu ya Embakasi ikiwa na tafsiri chini. Mnashangiliwa na elfu kumi waliokuwa tayari wenu, mnapoteza wale watano wa kila kituo. Kisha mnakuja mtaani kwetu na fulana, leso na noti za mia mbili. Tunazipokea, kwa kweli. Leso ni leso. Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi, serikali ilishusha bei ya unga wa kilo mbili kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100. Katika maduka ya mtaani kwetu unga huo wa mia tuliuona kwenye taarifa ya habari kuliko kwenye rafu, na nadhani ulimgharimu Raila kura badala ya kumwongezea, maana ulitufanya tuulize ulikuwa wapi mwaka mzima.

Juni 2024 vijana walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Tarehe 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na damu kumwagika, Rais akatangaza hatatia sahihi. Tangu hapo kila mmoja wenu amejaribu kuwaita vijana hao wake. Upande wa serikali unawapa vyeo wachache na kupiga nao picha. Upinzani unawataja katika kila hotuba. Hakuna aliyekwenda kuwajibu walichouliza, nacho kilikuwa cha pesa: kodi hii ni ya nini, inakwenda wapi, na nani anaila.

Basi nina maombi, na si mengi. La kwanza linahusu hati ya mshahara wangu. Kila mwezi inakatwa asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba na asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali. Nyinyi mlio serikalini, niambieni mapema, kabla ya mchujo, ni nani aliyepewa nyumba zilizokamilika na kwa utaratibu gani, na kwa nini jirani yangu ana risiti ya SHA lakini hospitali ilimtaka atoe pesa taslimu. Nyinyi wa upinzani mnaoapa mtaifuta tozo siku ya kwanza, niambieni zile nyumba zilizofikia linta zitamalizwa kwa pesa gani, na mafundi walioko pale watakwenda wapi Jumatatu. Anayejibu hilo kwa tarakimu, hata jibu likiniuma, atakuwa amenisogeza kuliko mikutano kumi ya hadhara.

La pili ni mdahalo. Julai 2017 Uhuru hakutokea, Raila akahojiwa peke yake. Julai 2022 Raila hakutokea, Ruto akahojiwa peke yake. Kwa hiyo hakuna upande wenye haki ya kumcheka mwenzake. Mashabiki wenu hawauhitaji mdahalo kwa sababu wameshaamua, na ndiyo maana washauri wenu wanawaambia hauna faida. Unatufaa sisi. Mgombea atakayekwepa mwaka wa 2027 ajue amewakwepa watu gani.

La mwisho ni dogo lakini linanikera. Mwaka wa 2021, Wakenya walipoanza kuangalia majina yao kwenye eCitizen, wengi tulikuta tumeandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hatujawahi kukanyaga ofisi zake. Mimi nilikutwa kwenye chama kimoja nisichokitaja, nikajitoa, na baadaye nikajikuta kwenye kingine. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inatenga kwa ajili yenu angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na sehemu ya pesa hiyo ni yangu. Futeni majina msiyoyajua kwenye daftari zenu kabla ya kuitisha mchujo. Mkimaliza kufuta, mtaona idadi halisi ya watu mlio nao, na hapo ndipo mtakapojua mnahitaji wangapi kutoka kwetu.

Wenu,
Mpiga kura asiye na mrengo
Eastlands, Nairobi